Mombasa: chagua upande wa maji kwanza, mtaa baadaye

Anayetafuta malazi Mombasa huanza na picha na bei, halafu siku ya mwisho ndipo anafungua ramani. Kazi hiyo ifanywe kinyume. Mombasa ni kisiwa, na mji umemwagika hadi bara kwa pande tatu. Njia za kuvuka ni chache, na kila njia ina saa zake za kuziba. Chumba kizuri kilicho ng'ambo ya maji na shughuli zako kitakula asubuhi yako kila siku. Kwa hiyo utaratibu ni huu: upande kwanza, mtaa wa pili, nyumba ya mwisho.

Zijue njia za kuvuka

Kaskazini kuna Daraja la Nyali, linalotoka kisiwani kwenda Nyali, Kongowea, Kisauni, Bamburi, Shanzu na mbele hadi Mtwapa. Magharibi kuna Makupa, njia ya Changamwe, uwanja wa ndege wa Moi na kituo cha SGR, treni ya Nairobi, cha Miritini. Kusini hakuna daraja la magari kutoka kisiwani. Kuna feri ya Likoni, usiku na mchana. Anayevuka kwa miguu halipi kitu. Gari hulipa kwa ukubwa wake.

Sasa angalia watu wanavyokwenda. Asubuhi, kuanzia kama saa kumi na mbili na nusu hadi saa tatu, watu wa bara wanaingia kisiwani kazini. Jioni, kuanzia saa kumi na nusu hadi karibu saa mbili usiku, wanarudi. Daraja la Nyali hujaa upande mmoja tu kila wakati, na hilo ndilo linalomfaa mgeni. Aliyelala kisiwani akitoka asubuhi kwenda Nyali anaenda kinyume na msafara, barabara yake iko wazi. Aliyelala Nyali na ana miadi ya saa mbili asubuhi mahakamani au hospitalini Kizingo ameingia katikati ya msafara wenyewe.

Feri ina tabia yake. Kuvuka kwenyewe ni dakika chache, maana mkondo si mpana. Kinachochukua muda ni kusubiri. Saa za msongamano watembea kwa miguu hupewa kipaumbele na magari hubaki foleni. Ukiwa na gari jioni ya siku ya kazi, hesabu saa moja na usishangae ikizidi. Feri moja ikiharibika foleni hurudi nyuma hadi mjini. Ndiyo maana mtu mwenye ndege au treni ya kuwahi asipange kupita Likoni kwa gari ikiwa ana njia nyingine.

Njia nyingine ipo: barabara ya Dongo Kundu. Tangu 2024 inapitika yote, kutoka Miritini hadi kutokea barabara ya Likoni–Lunga Lunga upande wa Kibundani, bila kukanyaga kisiwa wala feri. Anayeshuka SGR au uwanja wa ndege akaenda Tiwi au Diani apite huku. Mwambie dereva mapema, kabla ya kukubaliana bei, kwa sababu wengine bado hupiga hesabu ya feri.

Andika shughuli zako, si matamanio yako

Chukua karatasi, gawanya siku zako, na kando ya kila shughuli andika saa na upande wake: kisiwani, kaskazini, magharibi, kusini. Kisha zihesabu shughuli zenye saa maalumu tu, yaani miadi, mahakama, kliniki, harusi, mkutano, ndege. Ufuko na matembezi havina saa, vitakusubiri. Upande wenye shughuli nyingi za saa maalumu ndio upande wa kulala. Zikilingana, lala kwenye shughuli ya asubuhi.

Kama safari ni ya siku sita au zaidi na shughuli zimegawanyika kweli, gawa malazi: siku za kazi kisiwani, siku za mapumziko kaskazini au kusini. Watu huogopa kuhama kwa sababu ya mizigo, lakini kuhama mara moja ni rahisi kuliko kuvuka daraja mara kumi.

Ukichagua kisiwa

Mji wa Kale ni wa mtu anayetaka kutembea kwa miguu. Fort Jesus, ngome iliyojengwa na Wareno kuanzia 1593, iko ukingoni mwake. Ndia Kuu, Kibokoni na Marikiti vyote ni vya kutembea. Asubuhi mahamri na mbaazi hukosi, jioni viazi karai na mishkaki viko barabarani. Lakini kuna mambo ya kukubali kabla ya kulipa. Vichochoro vingi haviingii gari, kwa hiyo mizigo utaibeba au utampa mtu wa mkokoteni kutoka barabara kubwa. Nyumba za zamani zina ngazi nyembamba na za kusimama. Mzee mwenye magoti mabovu aombe chumba cha chini. Adhana ya alfajiri utaisikia, na misikiti ni mingi. Huu ni mtaa wa Waislamu wanaoishi humo na familia zao, kwa hiyo vaa nguo za kusitiri, pombe usiitafute hapo, na usipige picha watu barazani bila kuwaomba. Mwezi wa Ramadhani mikahawa mingi hufungwa mchana, kisha mtaa huchangamka tangu futari hadi usiku wa manane. Anayependa hayo atafurahi. Anayetaka kulala saa tatu usiku achague kwingine mwezi huo.

Kizingo na Ganjoni ndizo tunazopendekeza kwa mtu aliyekuja kwa shughuli za ofisi au matibabu. Ni mitaa yenye miti na barabara pana, usiku kimya kuliko katikati ya mji. Mahakama na ofisi nyingi za serikali ziko karibu, Hospitali ya Aga Khan iko Kizingo na Pandya iko Ganjoni. Jioni unatembea hadi Lighthouse na bustani ya Mama Ngina kula mihogo ya kukaanga na kunywa madafu. Ubaya wake ni bei, na vilevile uchache wa vyumba vya bei ya chini. Pia fahamu kwamba bahari ya hapo ni ya kutazama: ukingo ni miamba, si mchanga.

Katikati, yaani Moi Avenue, Digo Road na Mwembe Tayari, kuna lojing'i nyingi za bei nafuu. Panamfaa mtu wa usiku mmoja au wawili anayepanda basi alfajiri, au aliyeshuka basi la Tanga na Dar es Salaam lililopita mpaka wa Horohoro na Lunga Lunga. Omba chumba cha nyuma, kisichoangalia barabara. Honi za mabasi Mwembe Tayari huanza kabla ya jua, na chumba cha mbele hakina dirisha linaloweza kuzizuia.

Tudor, Tononoka na Buxton ni makazi ya kawaida ya watu, bei ya wastani. Anayemuuguza mgonjwa hospitali kuu ya Pwani (wenyeji wengi huiita Makadara) alale huku. Saa za kuona wagonjwa hazimsubiri mtu aliyekwama darajani.

Ukichagua kaskazini

Hapa ndipo wageni wengi hulala, na hapa ndipo matangazo hudanganya zaidi. Jifunze mstari mmoja: barabara ya Malindi. Mashariki yake ni upande wa bahari, magharibi yake ni upande wa bara. Swali la kwanza kwa mwenye nyumba liwe hilo, na jibu la “karibu na barabara” halitoshi. Tangazo likisema Nyali, nyumba inaweza kuwa Kongowea, Frere Town au Kisauni. Likisema ufuko wa Bamburi, inaweza kuwa Mtambo au Kiembeni, upande wa bara. Mitaa hiyo si mibaya, na maisha yake ni ya bei nafuu, lakini bei ya ufuko usiilipe kwa nyumba ya Kiembeni.

Nyali yenyewe ni mtaa wa familia wenye maduka makubwa, hospitali ya binafsi na mikahawa kando ya Links Road na City Mall. Kuingia mjini bila msongamano ni mwendo mfupi. Tatizo ni kwamba ndani ya Nyali matatu ni haba. Zinapita barabara kubwa, na ndani unategemea tuktuk, boda au teksi ya programu ya simu. Kwa siku chache gharama hiyo haionekani, kwa wiki mbili inaonekana sana. Weka nauli ya tuktuk mbili kwa siku juu ya kodi kabla ya kulinganisha na nyumba ya Bamburi iliyo karibu na steji.

Bamburi ina ufuko wa umma wa Jomo Kenyatta, ambao kila mtu anauita Pirates. Jumapili na sikukuu unajaa familia kutoka mji mzima, watoto, maboya ya kukodi, ngamia na wauza vitu. Kama unataka shamrashamra, ndipo hapo. Kama unataka utulivu, sogea Shanzu, ambako hoteli ni nyingi na watu wachache, ila kila unapokwenda ni mbali zaidi. Mtwapa iko ng'ambo ya daraja lake, tayari ni Kaunti ya Kilifi. Vyumba ni rahisi na usiku wake una kelele. Anayekuja kucheza muziki hadi alfajiri anapapenda. Mwenye watoto wadogo atalijua jina la kila klabu bila kuingia hata moja.

Umbali wa ufuko upime kwa njia ya miguu, si kwa rula ya ramani. Viwanja vya mbele ni vya hoteli na nyumba za watu, na njia za kushukia baharini ni chache. Nyumba inayoonekana mita mia tatu kutoka majini inaweza kukuzungusha zaidi ya kilomita moja kwa sababu ya kuta. Mwambie mwenye nyumba akutajie njia: unatoka langoni, unapinda wapi, unashukia ufukoni kwenye uchochoro gani. Asiyejua njia hiyo hajawahi kuitembea.

Tena, kwa wanaokuja kuogelea: tazama mwezi kabla ya kuchagua tarehe. Siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hupanda na kushuka zaidi ya mita tatu. Siku hizo hupwa karibu saa nne hadi saa tano asubuhi, na hujaa karibu saa kumi hadi kumi na moja jioni. Kwenye pwani hii yenye mwamba mbele, maji yakipwa unabaki na madimbwi, mchanga na mwani. Utatembea sana ndipo upate kina cha kiuno. Siku za maji mafu, kama wiki moja baadaye, kujaa kunaangukia saa za asubuhi. Mwenye siku mbili tu za ufuko na watoto wanaoamka mapema atafute hizo. Msimu wa kusi, takriban Aprili hadi Septemba, bahari huchafuka zaidi na mwani hutupwa ufukoni; masika ya Aprili na Mei hujaza maji barabara za ndani zisizo na lami, na hapo nyumba ya upande wa bara yenye njia ya udongo huwa haifikiki kwa tuktuk.

Magharibi na kusini, kwa ufupi

Changamwe, Mikindani na Miritini ni za kulala kwa sababu moja tu: treni au ndege. SGR ya usiku kutoka Nairobi hufika kabla ya alfajiri, na aliyechoka anaweza kutaka kitanda cha karibu. Zaidi ya hapo, malori ya bandarini yanatosha kukuondoa.

Likoni ina vyumba vya bei ya chini na ufuko wa Shelly, lakini kila safari ya mjini ni feri. Kwa anayevuka kwa miguu bila mzigo inavumilika. Tiwi na Diani si Mombasa kabisa, ni Kaunti ya Kwale, na Diani ni kilomita kama 30 kutoka Likoni. Ukizichagua, zichague kwa ajili yake zenyewe, na siku ya kutembelea mji iwe moja. Diani nako kuna mchezo uleule wa matangazo: barabara ya ufukoni ni Diani, na mji wa ndani kwenye barabara kuu ya Lunga Lunga ni Ukunda, ambako kodi inapaswa kuwa chini waziwazi.

Sasa nyumba yenyewe

Ukishapata mtaa, piga simu ya video mchana na mwombe mwenye nyumba afanye mambo manne mbele yako. Afungue bomba la bafuni aliache dakika mbili. Aonyeshe tangi. Afungue madirisha yote uone kama yana wavu wa mbu. Atoke nje langoni akitembea hadi barabara ya lami, simu ikiwa wazi.

Maji ndiyo yanayoharibu likizo nyingi Mombasa, kuliko wezi. Mji unategemea maji ya mbali, kama ya Mzima na Baricho, na mgao hukatika siku kadhaa. Nyumba nyingi huziba pengo kwa kisima, na maji ya visima yaliyo karibu na bahari huwa ya chumvi. Uliza mambo mawili tofauti: maji ya bomba ni siku gani, na maji ya tangi ni ya bomba au ya kisima? Ya kisima yanafaa kuogea na kufulia, ingawa sabuni haitoi povu vizuri. Ya kunywa na kupika utanunua kwa madumu, na kwa familia ya watu wanne weka lita 20 kwa siku moja hadi mbili.

Stima ni swali la pili. Fleti za kukodi kwa usiku mara nyingi hutumia tokeni, yaani stima ya kulipia kabla ya kutumia, na tangazo halisemi nani anazilipa. Kiyoyozi cha kawaida cha chumba cha kulala hula karibu uniti moja kwa saa kikifanya kazi mfululizo, hivyo usiku mmoja ni uniti sita hadi nane. Kama tokeni ni zako, uliza mita itakuwa na uniti ngapi siku ya kuingia, na upige picha ya mita hiyo ukifika.

Kisha joto. Kuanzia Januari hadi Machi ndiyo miezi ya joto kali. Ghorofa ya juu kabisa huwa tanuri usiku, kwa sababu zege la paa limepigwa na jua mchana kutwa na linaachia joto unapolala. Chagua ghorofa ya kati, chumba chenye madirisha pande mbili. Kaskazi inavuma kutoka kaskazini mashariki, kusi kutoka kusini mashariki. Dirisha linaloangalia mashariki hupata kidogo cha zote mbili.

Kelele uliza kwa siku: Ijumaa na Jumamosi usiku kuna nini jirani, Jumapili asubuhi kuna nini? Baa, ukumbi wa harusi na kanisa lenye spika havionekani kwenye picha iliyopigwa Jumanne saa nne.

Usalama nao uko zaidi katika saa na njia kuliko katika jina la mtaa. Baada ya magharibi usitembee ufukoni peke yako, upande wowote. Ukiwa kando ya barabara, usishike simu mkono ulio upande wa magari, maana pikipiki hupita na kuinyakua. Ndani ya Kisauni na Likoni usizunguke usiku bila mwenyeji. Nyumba inayofikika kwa kushuka langoni moja kwa moja ina thamani kuliko ile ya “dakika tano tu kutoka steji”, kama utakuwa unarudi saa nne usiku.

Kulipa

Desemba, Pasaka na likizo ya shule ya Agosti bei hupanda na matapeli huongezeka. Nyumba isiyokuwepo hutangazwa kwa picha za watu wengine, bei ikiwa chini kidogo kuliko soko, na muuzaji ana haraka ya amana. Dawa ni ile simu ya video. Asiyeweza kuipiga kwa siku mbili mfululizo, achana naye. Ukituma kwa M-Pesa, soma jina linalotokea kabla ya kuthibitisha. Likitofautiana na la uliyezungumza naye, simamisha hapo upate maelezo. Toa sehemu ndogo ya kushikia nyumba, iliyobaki lipa ukiwa ndani umefungua bomba kwa mkono wako. Na kwa safari ndefu, lipia usiku mbili tu kwanza. Mwenye nyumba nzuri hana hofu na hilo, isipokuwa wiki ya Krismasi, ambapo hata mkweli atataka zote.

Saa za kuondoka

Kabla ya kuthibitisha, pima nyumba kwa siku ya mwisho. SGR hukagua mizigo kabla ya kuingia kituoni, kwa hiyo uwe Miritini saa moja kabla ya treni. Kutoka kisiwani toka saa mbili kabla, kutoka Nyali au Bamburi saa mbili na nusu hadi tatu, na ukitoka Shanzu au Mtwapa asubuhi ya siku ya kazi ongeza nusu saa nyingine, kwa sababu utavuka Daraja la Nyali na msafara kisha ukutane na malori ya Changamwe. Treni ya saa mbili asubuhi kwa mtu aliyelala Mtwapa maana yake ni kuwa barabarani kabla ya saa kumi na moja alfajiri. Kama una watoto au mzee, usiku huo wa mwisho hamia kisiwani.